Nuksi kwa Mizani Nane

Umezuka katika idara zetu mtindo wa kuhakiki tungo za dhiki kana kwamba dhiki imo katika maudhui peke yake, na fani ni gunia la kuibebea. *Sauti ya Dhiki* (1973) ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, husomwa kama waraka wa kifungo. Vina na mizani hutajwa katika aya ya mwisho, tena pengine kwa vipimo vya mkazo vya Kiingereza! Kosa hili latokana na kuijua Ulaya moja tu.

Na tuitazame soneti ya Baudelaire iitwayo "Le Guignon", yaani nuksi, iliyomo katika *Les Fleurs du mal* (1857). Wafaransa, kama sisi, huhesabu silabi. Isitoshe, mshairi hakutumia mshororo wa silabi 12 uliozoeleka katika soneti za kwao, bali wa silabi 8: mizani ile ile ya utenzi. Kijana wa Mambrui, huku Magarini, aliyelelewa na tenzi na kasida, angeihesabu vidoleni, mradi afundishwe ni lini ile *e* dhaifu ya Kifaransa huhesabiwa na ni lini humezwa na irabu inayoifuata. Badala yake sisi humfundisha futi za Shakespeare.

Lakini ulinganifu huo wa mizani ndio unaofichua tofauti iliyo kubwa zaidi. Kanuni kongwe ilizitaka beti mbili za mwanzo za soneti zishiriki vina, Baudelaire amevibadilisha. Baada ya mshororo wa 8 utungo wageuka: mzigo mzito na kaburi la upweke vyaachwa, yaja johari iliyofukiwa na ua lisilo wa kulinusa. Nuksi haikuondoka, ila imepewa sura nyingine. Utenzi hauna mlango huo. Vina vya mishororo mitatu hubadilika kila ubeti, lakini kina cha bahari hurejea katika wa nne. Aliyebanwa hujaribu njia mpya mara tatu, kisha hurudishwa pale pale. Hapo fani haielezi dhiki, bali humfanya msikilizaji aingojee.

Wapo waliodai tangu miaka ya 1970 kwamba vina na mizani ni pingu za mtunzi. Basi na watueleze: mfungwa aliyenyimwa hata karatasi, akaandika kwenye karatasi za chooni, mbona hakuanza kwa kuzitupa pingu hizo?