Kontrola ya waifai ya ploti iko kwa nani?

Nasema Dallas yetu ya hapa Embu, si ile ya Texas. Washa simu kwa ploti yoyote huku uone majina ya waifai yamejipanga kama matatu stejini, na bado video inazunguka tu. Watu wanalaumu kampuni ya intaneti. Mimi nalaumu mpangilio.

Mwenye ploti ananunua ruta tatu, fundi anaziweka moja moja, kila moja na jina lake, zote kwa chaneli ileile. Wasee, kwa masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ruta tatu zikibanana kwa moja, zinangojeana zamu kama mitungi kwa foleni ya maji.

Dawa iko. Vifaa vyote viwekwe kundi moja chini ya kontrola. Omada ya TP-Link, UniFi ya Ubiquiti na CAPsMAN ya MikroTik zote zinafanya hiyo kazi. Unaandika jina na paswadi mara moja, kundi zima linachukua. Lakini tusidanganyane, kundi si kufananisha kila kitu. Jina liwe moja, chaneli na nguvu ya mawimbi zibaki za kila kifaa. Fundi anayenakili kila kitu kutoka ruta ya kwanza amerudisha shida ileile, sasa ikiwa na jina zuri. Na duka la M-Pesa la pale chini lipewe mtandao wake, lisichanganywe na wapangaji.

Kuna wanaosema ukikosea mpangilio mmoja, ploti nzima inazima. Kweli. Ndiyo maana unajaribu kwa kifaa kimoja kwanza.

Kinachoniuma ni kwingine. Ploti niliyokuwa nakaa, fundi alifungua kontrola kwa akaunti yake mwenyewe. Wakakosana na mwenye ploti juu ya malipo, akaacha kushika simu. Waifai iliendelea, kwa sababu vifaa vilishika mipangilio ya mwisho, lakini hakuna aliyeweza kubadilisha paswadi. Waliohama wakawa wanakuja kuitumia wakiwa wamesimama nje ya geti, sisi tunaolipa tunanunua bando. Mwishowe fundi mwingine alipanda ngazi akafuta vifaa kimoja kimoja, kazi ikaanza upya, na gharama ikaingizwa kwa rent.

Tena kontrola inaonyesha simu gani iliingia na saa ngapi. Hizo ni habari za watu, na Kenya tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019. Hazifai kukaa kwa simu ya mtu aliyeondoka na hasira.

Kwa hivyo mwenye ploti, kabla ya kumlipa fundi ile salio, akaunti isajiliwe kwa barua pepe yako, yeye umpe ruhusa unayoweza kuondoa. Na mpangaji, ukienda kulipa mwezi huu, uliza hiyo paswadi iko kwa nani.