Shabiki na Daftari la Bosi

Kuna sentensi moja nikiisikia kwa shabiki wa besiboli damu hunichemka: “Kibiashara, hawakuwa na jinsi.” Imesemwa sana Boston tangu Februari 2020, timu ya Red Sox ilipompeleka Mookie Betts Los Angeles. Ikasemwa tena Juni 2025, alipopelekwa Rafael Devers San Francisco. Na wanaoisema si wakurugenzi. Ni walimu, wauguzi, madereva wa malori, watu wanaokatwa kodi kila mwezi kwenye mshahara usiotosha, halafu jioni wanakaa na bia mkononi kumwonea huruma bilionea.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, kisa chenyewe ni hiki. Betts alichaguliwa na Red Sox mwaka 2011, wa 172 kwenye orodha ya vijana wa mwaka ule, yaani kijana ambaye hakuna aliyemtegemea kuwa mkubwa. Mwaka 2018 aliibuka mchezaji bora wa ligi yake, akaongoza kwa wastani wa kupiga, timu ikashinda mechi 108 katika msimu wa mechi 162 na kuchukua ubingwa. Miezi kumi na tano baadaye akaondoka. Pamoja naye akaenda mrushaji David Price, na sehemu kubwa ya mshahara wake. Boston walipokea vijana watatu: Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong.

Sababu? Besiboli ya Marekani ina kitu kinachoitwa kodi ya anasa. Timu ikilipa mishahara kupita kiwango fulani, inatozwa, na ikirudia mwaka hadi mwaka inatozwa zaidi. Mwaka 2020 kiwango kilikuwa dola milioni 208. Red Sox walikuwa wamekipita 2018 na 2019, wakataka kushuka. Betts alitakiwa kulipwa dola milioni 27 msimu huo, kisha awe huru kwenda anakotaka. Basi wakamtoa.

Na mashabiki wakaanza kukokotoa! Hapo ndipo ninapoleta ugomvi. Sigombi na aliyeumia akalia, wala na aliyesema Verdugo anaweza kuwa mzuri, maana huyo ana matumaini na matumaini ni halali ya shabiki. Nagombana na yule aliyesema kwa sauti ya upole ya mtu mzima anayewatuliza watoto: “Jamani, elewa. Ni rasilimali inayokwisha muda. Bora upate kitu kuliko kukosa vyote. Tutapata nafasi ya kupumua kifedha.” Tutapata, nani? Bwana wee, wewe ulipumua wapi? Msimu ule hata kuingia uwanjani hukuruhusiwa kwa sababu ya korona.

Mnaosoma vitabu mtaniuliza hayo yanaihusu nini fasihi. Yanaihusu sana, kwa sababu lugha hii ina kitabu chake. Mwaka 2003 Michael Lewis alitoa *Moneyball*, habari za Oakland Athletics, timu maskini iliyoshinda mechi 103 mwaka 2002 kwa kutumia takwimu badala ya fedha. Ni kitabu kitamu, nakiri, nimekisoma zaidi ya mara moja. Lewis anajua kusimulia kuliko waandishi wengi wa riwaya ninaowaheshimu. Lakini angalia alichokifanya kwenye usimulizi: alimhamisha mhusika mkuu. Tangu watu waanze kuandika habari za michezo, shujaa alikuwa uwanjani, anatoka jasho, anaweza kukosa mpira mbele ya watu elfu arobaini. Lewis alimchukua shujaa akamweka ofisini, na simu sikioni. Jina lake Billy Beane, meneja mkuu, mtu anayekwepa hata kutazama mechi za timu yake. Wachezaji wakageuka bidhaa za mnadani: huyu bei yake iko chini, yule amepandishwa mno, nunua, uza.

Na ili hadithi isimame, wengine ilibidi wapunguzwe. Timu ile ya Oakland ilikuwa na warushaji watatu, Barry Zito, Tim Hudson na Mark Mulder. Zito alipewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake mwaka uleule. Miguel Tejada alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka uleule. Kwenye kitabu hao hawana uzito wa Scott Hatteberg, mdakaji aliyeumia mkono, akanunuliwa kwa bei rahisi na kufundishwa upya kucheza beizi ya kwanza. Simlaumu Hatteberg, mpigo wake wa tarehe 4 Septemba 2002, uliowapa Oakland ushindi wa ishirini mfululizo, ni kati ya mambo mazuri kuyasoma. Ninachosema ni kwamba mchezaji bora wa ligi alisogezwa pembeni kwa kuwa hakumhitaji meneja mwerevu ili awe mzuri. Hadithi ilikuwa ya mnunuzi, na kila kilichomtukuza asiyekuwa mnunuzi kilikuwa kikwazo.

Msomaji hukaa alipo mhusika mkuu, hiyo ni kawaida ya kusoma. Tuliokisoma kitabu kile, na wengi zaidi waliotazama filamu ya 2011 yenye Brad Pitt, tulihama jukwaani tukaingia ofisini. Tukajifunza kuongea kiofisi. Shida ni kwamba kitabu kiliisha na sisi tukabaki humo, tumekalia kiti ambacho si chetu.

Kumbuka pia nani alitaka kumwajiri Beane baada ya msimu ule: John Henry, aliyekuwa ndio kwanza ameingia Boston kama mwenye timu mkuu, tajiri wa biashara ya mikataba ya mazao. Beane alikubali, kisha akaghairi. Ndiyo sehemu ya mwisho ya filamu. Henry ndiye aliyekuwa bosi Boston siku Betts anaondoka. Kwa haki yake, chini yake Red Sox wamechukua ubingwa mara nne, baada ya miaka 86 ya ukame. Sipingi. Lakini huyo ndiye ambaye mashabiki wanajipa kazi ya kumtetea mahesabu, bila malipo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba takwimu zenyewe hazikuzaliwa upande wa mabosi. Bill James, baba wa elimu hii, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya kopo huko Kansas. Mwaka 1977 alijichapishia kijitabu cha kwanza cha hesabu zake na kukiuza mwenyewe. Alikuwa shabiki anayewauliza wakubwa maswali: mnajuaje kwamba huyu ni mzuri? Mmehesabu, au mnarudia tu mlichosikia? Baadaye aliwasaidia hata mawakala wa wachezaji kwenye kesi za usuluhishi wa mishahara, yaani namba zilitumika kumtetea mfanyakazi alipwe haki yake. Betts mwenyewe alishinda kesi ya aina hiyo mwaka 2018: yeye aliomba dola milioni 10.5, timu ikataka kumpa 7.5, msuluhishi akasimama na Betts. Ulikuwa upanga wa mlalahoi. Mwisho wa mwaka 2002 Red Sox walimwajiri James kuwa mshauri, timu moja baada ya nyingine ikajenga idara yake ya takwimu, na leo shabiki akiushika upanga huohuo anamchoma nao mpigaji aliyempenda juzi: “Ana miaka thelathini na mmoja, atashuka, mkataba wake utaoza.” Mkataba uoze! Utadhani ni samaki.

Hebu tuichunguze hiyo lugha. Kwenye besiboli ya Marekani mchezaji hana uhuru wa kuchagua timu mpaka atimize miaka sita kwenye ligi kuu, na miaka ya mwanzo, hata akiwa nyota, kwa kawaida analipwa karibu na kima cha chini. Mashabiki wanaiita miaka hiyo miaka ya udhibiti. Wanasema: “Zuri la huyu kijana, bado tuna miaka minne ya kumdhibiti.” Isome tena taratibu, kwa Kiswahili, lugha ya pwani iliyowahi kuona watu wakipangwa sokoni. Kumdhibiti nani? Sisi nani?

Kuna mtu aliyelipia swali hilo kwa maisha yake ya uwanjani. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimhamishia Curt Flood Philadelphia. Alikuwa amechukua nao ubingwa mara mbili. Wakati ule mkataba ulimfunga mchezaji kwa timu moja mpaka timu imchoke. Flood alikataa kwenda, akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Alipokumbushwa kwenye televisheni kwamba analipwa dola 90,000 kwa mwaka, alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972 kwa kura tano kwa tatu. Jackie Robinson, mgonjwa na mvi zimemjaa, alikwenda kumtolea ushahidi. Wachezaji waliokuwa bado kazini hawakwenda hata mmoja. Minyororo ile ilikatwa mwishoni mwa 1975, kwa uamuzi uliowahusu wachezaji wengine, Flood akiwa ameshaondoka mchezoni. Na wapo mashabiki wengi wa enzi zile waliomwona mlafi. Nao walikuwa na hoja za kibiashara, usidhani hawakuwa nazo.

Nirudi kwenye “sisi”. Mwanachama wa Yanga au Simba akisema “tumesajili”, walau ana kadi mfukoni, anaweza kwenda mkutano mkuu akapiga kelele mpaka kiongozi ajibu. Uanachama huo una matatizo yake, na wawekezaji wamebadilisha mengi, ila lile “tu-” lina mzizi. “Tu-” ya shabiki wa Boston haina kadi wala kura. Yake ni mapenzi matupu, na mimi nayaheshimu mapenzi. Ndiyo maana naona ni dhambi kuyavalisha tai na kuyapeleka ofisini.

Wala tusijione tuko mbali. Kampuni ya Henry ndiyo yenye Liverpool tangu 2010. Mnakumbuka msimu wa 2024/25, mkataba wa Mohamed Salah ukielekea kuisha? Vijiweni kwetu, watu wenye jezi yake mgongoni walikuwa wanasema: “Ana miaka thelathini na mbili, kibiashara haina mantiki.” Sentensi ileile, mpaka pumzi ileile. Aprili akasaini, na waliosema hivyo wakashangilia.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana wana hoja. Wanasema: bila hesabu utabaki mjinga, kila uhamisho utauona usaliti. Devers alipewa mkataba wa miaka kumi mwaka 2023, zaidi ya dola milioni 313. Akaletwa Alex Bregman, Devers akaondolewa beizi ya tatu. Walipomhitaji beizi ya kwanza akakataa. Akapelekwa San Francisco saa chache baada ya kuwapiga Yankees, mechi ambayo yeye mwenyewe aliutoa mpira nje ya uwanja. Na bado msimu ule Boston walifika mchujo bila yeye. Kwa hiyo meneja alikuwa sahihi?

Labda. Kwa Betts wenyewe naweza kusema hawakuwa sahihi: Downs aliachwa mwaka 2022, Verdugo akapelekwa kwa Yankees mwaka uliofuata, na Betts ana ubingwa mara tatu akiwa na Los Angeles. Tena ile hoja ya “angeondoka tu” ilikufa Julai 2020, aliposaini miaka kumi na miwili na Dodgers kabla ya kuwachezea mechi hata moja ya ligi. Korona ilikuwa imelitikisa soko, sawa, lakini mtu alikaa mezani akasaini. Hata hivyo, tuseme Verdugo angekuwa nyota na Betts angevunjika mguu. Bado ningewagombeza. Aliyekosea hesabu anaweza kurudia hesabu. Mimi nauliza kwa nini shabiki awe wa kwanza kuifungua kalkuleta, kabla hata hajahuzunika, na kwa nini mchezaji aliyekataa kuhamishwahamishwa aitwe mbinafsi, na aliyebana mshahara aitwe mwenye busara.

Jua namba, tena zijue vizuri kuliko wao. Mlinzi wa Kansas alizijua. Ila uzitumie kumuuliza maswali mwenye timu: fedha uliyookoa kwa Betts imekwenda wapi? Kuna tiketi iliyoshuka bei? Kwa nini timu yenye uwanja kongwe kuliko wote na mashabiki waaminifu namna ile ilimaliza ya mwisho kwenye kundi lake mwaka 2020, ikarudia 2022, ikarudia 2023? Maswali hayo nayo ni ya kihesabu. Ajabu ni kwamba wenye kalkuleta wengi hawayafikii, betri huwa imeshaisha kwa Betts.

Agosti 2023 Betts alirudi Fenway kwa mara ya kwanza tangu aondoke, amevaa jezi ya kijivu ya ugenini. Alipotoka kwenda kupiga, uwanja ulisimama wote. Aliinua kofia yake ya chuma, akageuka upande huu na upande ule, na watu hawakukaa. Naamini miongoni mwa waliokuwa wanapiga makofi mikono ikiwauma walikuwemo wengi waliowahi kunieleza, kwa subira kubwa, kwamba kibiashara hawakuwa na jinsi.