Mkoba wa Kujifungulia Usimcheleweshe Mama

Katika wodi nyingi za wazazi hapa Tanzania, swali la kwanza analoulizwa mama aliyeshikwa na uchungu si uchungu umeanza lini, bali ni hili: "Vifaa viko wapi?" Hapo mkoba hufunguliwa, na mkunga hukagua glavu, wembe, kamba za kufungia kitovu, pamba, mpira wa kulalia na doti za khanga. Sililaumu swali hilo. Nimeliuliza mwenyewe mara nyingi, kwa kuwa bohari ya kituo ikiwa tupu, mkunga hana cha kumpokelea mtoto. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka mjamzito ahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo, kila anayefanya kazi wodini anaujua umbali uliopo kati ya sera na kabati la vifaa.

Ninacholalamikia ni orodha yenyewe, na namna tunavyoikabidhi. Mama mmoja alifikishwa kwetu alfajiri, njia ya uzazi imekwisha kufunguka yote, uchungu ukiwa umemshika tangu adhuhuri ya jana yake. Mama mkwe wake alieleza kwamba walikuwa wakimngoja mume, aliyekwenda kukopa fedha ili orodha ikamilike. Mkobani mlikuwa na chupa ya kunyonyeshea, poda, mafuta ya manukato, viatu vya sufu na beseni jipya. Vilivyokosekana ni glavu na wembe. Mtoto alizaliwa amechoka, akalia baada tu ya kusaidiwa kupumua kwa mfuko wa hewa. Glavu tulikuwa nazo siku hiyo.

Kwa maoni yangu, orodha hiyo ingepaswa kupangwa kwa kufuata haja za mtoto katika saa zake za kwanza, na haja hizo ni chache. Ya kwanza ni joto. Mtoto hutoka katika tumbo lenye joto la nyuzi 37 akiwa amelowa, na hupoteza joto upesi hata katika jiji la Dar es Salaam, ambako sisi wakubwa tunatokwa na jasho. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 amekwisha kuingia katika baridi ya hatari. Kwa hiyo anahitaji nguo mbili kavu: moja ya kumfutia, ambayo huondolewa mara moja kwa kuwa imelowa, na nyingine ya kumfunikia akiwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, pamoja na kofia. Kuoga kunaweza kungoja saa 24, na kwa sababu hiyo beseni lingeweza kununuliwa hata baada ya mama kurudi nyumbani.

Khanga kuukuu, iliyofuliwa vyema, ikaanikwa juani na kupigwa pasi, yafaa kuliko mpya. Khanga ya dukani huwa na wanga unaokikaza kitambaa kisinyonye maji mpaka kifuliwe. Nalisema hili kwa sababu nimewaona wanawake wakiona haya kutoa khanga chakavu mbele ya wauguzi. Jambo moja tu katika nguo za zamani lanitia hofu, nalo ni naftalini, zile punje nyeupe za kufukuzia wadudu sandukuni. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika nchi zenye malaria, akivishwa nguo zilizohifadhiwa na punje hizo chembe zake nyekundu za damu huweza kuvunjika na manjano ikapanda hata kudhuru ubongo. Nguo za mtoto zisiwekwe nazo kabisa.

Haja ya pili ni maziwa, nayo haibebwi mkobani. Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa ya kwanza apate dang'a, kisha anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Hata mama anayeishi na VVU hunyonyesha, akitumia dawa zake barabara na kufuata maelekezo ya kliniki. Chupa ni ngumu kusafisha. Panapotokea sababu ya kitabibu ya kutonyonya, kikombe safi chatosha. Tangu mwaka 1981 dunia ina kanuni ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala na chupa zake, na bado chupa zimo katika orodha zinazozunguka mitaani.

Kuhusu kitovu sitasema mengi: kiachwe kikavu na kisafi, kisipakwe majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe. Kituo kikitoa dawa ya klorheksidini, itumike kama mkunga alivyoelekeza.

Yaliyosalia hayauzwi katika duka la watoto. Ni nauli iliyowekwa kando, dereva wa bajaji au bodaboda anayekubali kuamshwa usiku, kadi ya kliniki, ndugu wawili walio tayari kuchangia damu, na mtu wa kumsindikiza mama. Familia yenye shilingi za kununua kimoja tu kati ya beseni na nauli, na inunue nauli.

Ufini ilianza kuwapa wanawake maskini sanduku la vifaa vya mtoto mwaka 1938, na mwaka 1949 ikawaenezea wajawazito wote, kwa sharti kwamba mama aende kliniki kabla ya kumaliza mwezi wa 4. Huko sanduku lilikuwa chambo cha kumvuta mama kwenye huduma. Kwetu mkoba umegeuka kuwa lango, na wapo wanaobaki nje yake wakitafuta fedha.

Nawaomba wahudumu wenzangu kwamba, hadi Serikali itakapojaza kabati, kila orodha tunayotoa kliniki ianze na maneno haya, kwa herufi kubwa: uchungu ukianza, njoo na ulicho nacho. Mkunga ayasome kwa sauti mbele ya mama na aliyemsindikiza, maana mara nyingi anayeamua safari ianze lini si mama mwenyewe. Wodini, liwepo sanduku la akiba. Kina mama wanaoruhusiwa kurudi nyumbani hubakiwa na glavu, pamba na kamba ambazo hazikutumika, na wakiombwa kwa heshima huziacha.