Mwalimu mgeni tumpokee kabla hajatukimbia

Mwaka wa masomo 2024-2025 tuliuanza vibaya. Mwezi wa Septemba, katika sehemu kadhaa za nchi yetu, walimu wa shule za serikali walibaki nyumbani wakidai mshahara wa mwalimu wa ngazi ya chini ufikishwe dola 500. Hapa Goma habari hiyo ilizungumzwa kila mahali: redioni, kwenye soko la Virunga, hata juu ya pikipiki. Ni vema izungumzwe. Mtu hawezi kufundisha watoto wa wengine huku wake wamelala njaa.

Lakini kuna jambo lingine ambalo halingojei waziri wala bajeti ya Kinshasa, na hatulizungumzi. Ni namna tunavyompokea mwalimu anayefika Goma kwa mara ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba mwalimu mgeni akikaa au akikimbia, mara nyingi hilo linaamuliwa katika miezi yake mitatu ya kwanza. Na wanaoliamua si wakubwa wa Kinshasa. Ni mwenye nyumba, ni direkta, ni walimu wenzake na ni sisi wazazi.

Mwalimu huyo ni nani? Wengine vita ndiyo imewaleta. Tangu M23 walipoingia Kitshanga mwanzoni mwa 2023, na tangu vita ilipokaribia Sake mwezi wa Februari 2024, walimu wa Masisi wamefika hapa pamoja na wanafunzi wao. Wale wa Rutshuru walitangulia. Mwaka 2024 wengi walilala Bulengo, Rusayo au Kanyaruchinya, katika vibanda vya turubai, juu ya mawe ya volkano. Wengine walipokelewa na familia huko Ndosho, Katoyi au Majengo. Kuna pia vijana waliomaliza masomo ya ualimu Bukavu au Kisangani, waliopata kazi yao ya kwanza katika shule ya hapa. Hao hawakukimbia risasi, lakini mji hawaujui, na mji haujui majina yao.

Tuanze na nyumba, maana hapo ndipo wengi wanavunjika moyo. Mgeni hana shangazi wa kumwambia chumba fulani kimeachwa wazi. Analazimika kumfuata komisioneri. Tuseme amepata nyumba ndogo ya mbao ya dola 30 kwa mwezi. Mwenye nyumba anamwomba garanti ya miezi sita: dola 180. Komisioneri naye anataka mwezi mmoja: dola 30. Hizo ni dola 210 kabla hajanunua godoro, sufuria wala bidoni ya maji. Ni mwalimu gani anayeanza kazi akiwa na dola 210 mfukoni?

Watu wengi hawajui kwamba jambo hilo lina sheria. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Na garanti ni pesa iliyowekwa tu, si zawadi kwa mwenye nyumba. Mpangaji akihama bila deni na bila kuharibu kitu, anarudishiwa. Kwa nyumba yetu ya dola 30, sheria ingemwachia mwalimu dola 90 za kununulia godoro na chakula. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mmoja abaki na mwingine aende kutafuta pikipiki ya kuendesha.

Halafu kuna maji. Ziwa Kivu liko mbele ya macho yetu, lakini katika kartie nyingi maji yanapanda kwa bidoni, mgongoni au juu ya chukudu. Mwenyeji anajua bomba gani linatoka alfajiri na mama gani anauza kwa bei ya haki. Anajua pia avenyu ipi haifai kupita jua likishazama. Mgeni anajifunza hayo kwa kupoteza pesa, simu, na mara nyingine zaidi ya simu. Je, ni vigumu kumwambia mapema? Hilo halihitaji bajeti wala mradi wa shirika lolote.

Jambo la tatu ni lugha. Goma tunasema Kiswahili chetu, tukichanganya na Kifaransa bila kufikiri. Mwalimu aliyekulia Walikale anaongea Kinyanga. Wa Masisi, Kihunde au Kinyarwanda. Wa Lubero, Kinande. Kiswahili chake kina ladha ya kwao. Siku ya kwanza anasema neno kwa namna yake, darasa zima linacheka. Watoto ni watoto, watanyamaza. Ubaya ni pale walimu wenzake wanapomwiga katika chumba cha walimu, na wazazi wanapomwita kwa jina la kabila lake badala ya kumwita mwalimu.

Hapa niseme wazi. Katika nyakati hizi za vita, kuna walimu wanaoulizwa asili yao kabla ya kuulizwa wanafundisha somo gani. Lafudhi ya mtu imegeuka kuwa mashtaka. Mwalimu aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji kinachoungua, akiwa na watoto na daftari la wito, anafika kwetu na kutazamwa kama aliyewasha moto huo. Hilo ni dhuluma, na ni hatari kwa watoto wetu, kwa sababu wanaona na wanajifunza. Kama kuna mtu wa kushukiwa, vipo vyombo vya sheria. Mzazi anayenong'ona kwenye lango la shule si chombo cha sheria.

Tena lugha ambayo tunaicheka ni mali. Sheria ya elimu ya mwezi wa Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali kutumiwa darasani. Wamama waliokaa kambini wanajua faida yake. Mtoto aliyetoka Masisi anaweza kukaa majuma mawili kwenye benchi la nyuma bila kutoa sauti; walimu wanasema ni mzito wa akili. Siku anaposalimiwa kwa lugha ya nyumbani kwao, anainua kichwa. Hakuwa mzito wa akili. Alikuwa hajui kama shule hii ni yake pia. Mwalimu aliyehama ndiye anayeweza kumwambia hivyo naye akaamini.

La nne ni karatasi, na hili linawahusu sana wakubwa wa shule. Mwalimu mwenye matrikule analipwa kwa jina lake na kwa jina la shule yake. Shule ikifungwa na vita, akafika Goma bila hati yoyote inayoonyesha kwamba bado yuko kazini, jina lake linaweza kuhesabiwa kati ya walioacha kazi. Kulirudisha ni safari ndefu kwenye ofisi ambayo wengi bado tunaiita Secope, ingawa siku hizi jina lake ni Dinacope. Vijijini walimu wengi walizoea kwa miaka kulipwa kupitia Caritas. Hapa mjini walitumwa benki, wasijue waanzie dirisha gani. Na wale tunaowaita NU, yaani wanaofundisha bila kulipwa na serikali wakingoja majina yao yaingizwe, wao hali yao ni mbaya zaidi. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019, mzazi wa shule ya msingi ya serikali hatakiwi kuchangia mshahara wao. Na serikali bado haijawafikia. Wanaishi kwa nini?

Najua nitajibiwaje. Wa kwanza atasema: "Mbona mwalimu peke yake? Mji mzima ulijaa watu waliokimbia, na sisi wenyeji barabara ya Sake ilipofungwa tulinunua maharage na viazi kwa bei ya kutisha." Ni kweli. Simwombei mwalimu aishi vizuri kuliko mama anayeuza makala. Lakini tuhesabu. Mwalimu mmoja ana darasa la watoto 50, na katika shule zinazopokea wakimbizi mara nyingi wanapita hapo. Akiondoka mwezi wa Novemba, watoto hao wanagawanywa katika madarasa mengine yaliyojaa, au wanakaa kumngoja mwingine hadi Januari. Kumsaidia mtu mmoja apate chumba ni kuwasaidia watoto 50 wamalize mwaka. Sijui msaada mwingine mjini unaofika mbali hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Wa pili atasema: "Tunao vijana wetu wa hapa, wana diplome, wanakaa bila kazi. Kwa nini nafasi apewe mgeni?" Hoja hiyo isidharauliwe; ukosefu wa kazi unawauma vijana wetu. Lakini mwalimu aliyehama na matrikule yake hakuja kuchukua mshahara wa mtu wa Goma. Alikuja na jina lake, na mara nyingi na wanafunzi wake. Watoto waliokimbia wameongeza madarasa, hawakuyapunguza. Shule inayowapokea kwa zamu ya mchana inahitaji mikono zaidi, si pungufu. Kijana wa hapa na mwalimu wa Kitshanga hawagombei kiti kimoja, isipokuwa pale direkta anapotaka wagombee ili ampate wa bei rahisi. Na direkta anayemfanyisha kazi mkimbizi bure kwa sababu mkimbizi hana pa kulalamikia, huyo wazazi wamwulize katika mkutano, mbele ya watu.

Sasa tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kusema "serikali ifanye". Serikali ifanye, ndiyo: iwalipe, na iwaingize NU kwenye orodha. Lakini hata kesho asubuhi kuna mambo manne tunayoweza kuyaanza wenyewe.

Kwanza, kila direkta na kila prefe amchague mwalimu mmoja wa zamani amsindikize mgeni kwa majuma ya kwanza: amwonyeshe kartie, bomba la maji, na njia salama ya kurudi nyumbani. Siku hiyo hiyo ampe mgeni hati yenye muhuri inayosema kwamba yuko kazini tangu tarehe fulani. Karatasi moja tu. Inaweza kumwokolea mshahara wa mwaka.

Pili, komite za wazazi ziulizane katika mkutano: nani kati yetu ana chumba, nani anamjua jirani mwenye chumba? Hapo komisioneri hahitajiki. Wenye nyumba, ambao wengi wenu ni wazazi pia, heshimuni miezi mitatu ya sheria. Anayeweza kupokea garanti kidogo kidogo, apokee hivyo. Mkubwa wa avenyu awepo wakati wa kuandikiana, ili pande zote mbili ziwe na shahidi.

Tatu, katika chumba cha walimu na kwenye lango la shule, mtu aitwe mwalimu. Basi. Anayetaka kujua anatoka wapi amwulize habari za kwao, kama tunavyowauliza wageni nyumbani, na amsikilize.

Nne, nasema na familia zilizohama, ninyi mnaotusikiliza. Walimu wenu mnawajua kuliko sisi. Mnajua nani alifundisha vizuri Masisi na Rutshuru, na leo anauza vocha za simu au anabeba mizigo kwenye bandari ya Kituku. Msimwache apotee. Peleka jina lake kwa shule ya karibu. Mtoto akirudi kutoka masomoni, mwulizeni mwalimu wake ni nani na analala wapi. Msione haya kwa sababu hamna cha kumpa. Mwalimu anayejua kwamba wazazi wanamtambua ana sababu moja zaidi ya kurudi darasani Jumatatu.

Kwako mwalimu mgeni nina neno fupi. Usilipe garanti kwa simu kwa nyumba ambayo hujaiona. Usitoe pesa bila karatasi. Unaposhindwa, sema mapema. Mwalimu mwenzako hawezi kujua kwamba hujala tangu jana ikiwa kila asubuhi unavaa shati lililopigwa pasi na kunyamaza. Na Kiswahili chako kisikutie haya. Baada ya miezi sita, watoto ndio watakaokuwa wanaongea kama wewe.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu tunampa jembe siku ya kwanza, bila kumwonyesha shamba wala mahali pa kulala, kisha tunashangaa akilitupa.  Ukifika kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya mtoto wako, kabla ya kuuliza habari za sare na madaftari, uliza hili: kati ya walimu wetu, ni nani aliyefika Goma mwaka huu, na leo usiku analala wapi?