Bundi si Mjumbe wa Mauti



Ipo imani ambayo tumeiacha itusindikize hata mlangoni pa kanisa: kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile atakufa, ama mchawi ndiye aliyemtuma. Kwa sababu hiyo mahali pengi nchini ndege huyu hupigwa mawe, na anayempiga hudhani ameikinga jamaa yake. Tuseme wazi: huo ni ushirikina, wala haumfai mbatizwa.

Hapa Pemba kosa hilo ni zito zaidi. Bundi mdogo asikikaye jioni katika mikarafuu, mwenye sauti fupi ya moja moja, haishi mahali pengine popote duniani. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000, Mwenyezi Mungu ameweka kiumbe ambacho hakukiweka Unguja wala bara. Ndivyo ilivyo pia kwa ninga wa Pemba, kwa chozi wa Pemba na kwa yule popo mkubwa alaye matunda. Anayemrushia jiwe bundi huyu hajui anarusha nini.

Wapo wanaojibu kwa Maandiko, wakisema kwamba Kitabu cha Walawi, sura ya 11, kinawataja bundi na popo miongoni mwa vilivyo najisi. Ni kweli kinawataja. Lakini sheria ile ilihusu chakula: iliwakataza Waisraeli kuwala. Aliyeitii aliwaacha juu ya miti yao. Haikuruhusu chuki wala mawe, na tena haikusema neno juu ya kutabiri kifo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kinyume cha hayo: inakemea ushirikina, inasema kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu wanaostahili wema wetu, na kwamba kuwatesa au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha hadhi ya binadamu.

Wengine husema kwamba kutazama ndege ni shughuli ya watalii wenye darubini. Hao na waangalie habari ya popo wa Pemba. Aliwindwa kwa ajili ya nyama hata, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikahofiwa kwamba wamebaki mamia machache tu. Ndipo wanavijiji, wakiwemo jirani zetu Waislamu wa Kidike, wakaanza kuilinda miti wanamolala. Hesabu ya mwaka 2007 ilipata popo wapatao 20,000. Waliowalinda walikuwa wakulima waliokubali kuinua macho na kujifunza kwamba mnyama huyu hueneza mbegu za miti. Je, sisi tuliofundishwa na Bwana mwenyewe kuwatazama ndege wa angani tutakuwa wa mwisho kutazama?

Hofu hukaa mahali ambapo hatutazami. Mtu amjuaye bundi kwa sauti yake, kwa mti wake na kwa mawindo yake hatamwogopa tena, naye asiyemwogopa hana sababu ya kumwua. Kwa hiyo tunawaomba jambo moja jepesi. Mnapokwenda kwa miguu shambani, sokoni au kwenye Misa, wekeni simu mfukoni na mtazame juu. Wazazi, wafundisheni watoto majina ya ndege wa mtaani mwenu. Usiku bundi akilia juu ya paa, msiwashe moto wala msitafute mawe. Waamsheni watoto wasikilize, muwaambie ni nani yule na kwamba anaishi kisiwani kwetu tu, kisha msali pamoja na kulala kwa amani. Nao jirani wakiwauliza mbona hamkumfukuza, wapeni sababu bila kuwadhihaki.

Mungu Muumba awabariki nyote.