Nyuma ya mupira, mukate utatoka wapi?

Mwaka 1998, ku Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja juu ya Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imefika kwamba amekufa ku Angola, mu ajali ya mugodi wa almasi. Kwetu watu wa mine, kifo ya namna ile si hadisi. Lakini Ndaye alikuwa muzima. Alikuwa ku Afrika ya Kusini, mukimbizi ku Cape Town, anatafuta chakula kwa kulinda motokari za watu.

Vijana wataniuliza: Ndaye njo nani? Mwaka 1973 alichukua Kombe la mabingwa wa Afrika pamoja na Vita Club. Mwaka 1974, kule Misri, alifunga bao 9 mu Kombe la Afrika moja, na mpaka leo hakuna aliyezifikisha. Fainali na Zambia iliisha 2-2. Wakairudilia, Zaïre ikashinda 2-0. Bao zote 4 zile ni yeye. Walimuitaka Mutumbula, na wazee wa Katanga hawana lazima ya kuelezwa jina ile: zamani mama akiitaja mangaribi, batoto banaingia mu nyumba mbio.

Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na motokari. Zawadi, munasikia? Miezi kidogo tu nyuma, kule Ujerumani, ku Kombe la Dunia, walipigwa mechi zote 3 na bao 14, na mukono wa kutoa ukafungwa. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, njo yule aliyetoka mu ukuta na kupiga mupira wa Wabrezili mbele wao hawajaupiga. Dunia nzima ilimucheka. Miaka mingi nyuma alieleza kwamba ilikuwa hasira: pesa ya wachezaji haikulipwa. Basi ile «kichekesho» ilikuwa kama grevi ya mutu mumoja.

Ndaye naye, mwaka 1994, aliitwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudia ku inchi, wezi walimupiga risasi ya muguu. Walifikiri staa hawezi kukosa pesa. Alikufa ku Johannesburg mu Januari 2019, akiwa na miaka 70.

Mimi ninasema hivi: zawadi si mushahara, na mushahara usiokatwa kitu kwa CNSS hauleti pansio. Ninyi munaijua hesabu hii kupita mimi. Gécamines tulikuwa tunaiita baba na mama, kwa sababu ya posho, masomo, lopitali. Halafu wafanyakazi 10 655 wakatoka mu ile operesheni ya «départs volontaires» ya 2003. Nani ku Likasi, ku Kolwezi, ku Kipushi hana ndugu mu hesabu ile?

Na tena mufanyakazi wa mine anaweza kusukuma mupaka miaka 55, hata 60. Mupira unaachana na mutu ku 33, ku 35. Goti ikivunjika, hata ku 22. Mwili njo chombo ya kazi, sawa kwenu, ila ile yake inachakaa mbio zaidi.

Ninasikia mumoja anajibu: «Na Kidiaba je?» Ni kweli, na ninafurahi naye. Alifika fainali ya dunia ya klabu na Mazembe mwaka 2010, akachukua nafasi ya 3 ku CAN 2015, nyuma akafundisha magolikipa, akakuwa depite wa jimbo. Lakini Kidiaba ni mumoja. Wale wengine tunapishana nao ku soko: jina ilikuwa kubwa ku stade, leo anakuomba franka ya transport, na wewe unaona haya kumuangalia mu macho.

Baba anayemutosha mutoto mu masomo ku miaka 14 kwa sababu «ana muguu muzuri» anafanya mchezo na maisha isiyokuwa yake. Muguu na kalasi vinaweza kutembea pamoja. Na klabu ikisema mutoto sasa anacheza kwa mushahara, basi ni mufanyakazi: aandikishwe ku CNSS, kontra iandikwe, kopi moja ibakie ku nyumba kwa mama. Sendika zenu zinajua kusoma karatasi za namna hiyo. Muzipelekee na hii.

Siku ile mukubwa wa klabu atakuja kwenu na maillot mupya na bahasha, mumupokee muzuri, mumupe kiti. Halafu mumuulize namba ya CNSS. Akijibu «tutaona mbele», amalize chai yake, mumusindikize ku mulango.