KODI YA MIEZI SITA



Tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelizoea kiasi cha kutoliona tena kuwa ni dhuluma. Katika mitaa ya Songea, iwe Lizaboni, Bombambili, Mfaranyaki au Msamala, mtu anayetafuta chumba huulizwa kwanza kama anayo kodi ya miezi sita, na pengine ya mwaka mzima. Hapewi ufunguo kabla ya kuilipa yote.

Tuseme chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 180,000. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja. Jumla 210,000, kabla mpangaji hajalala humo hata usiku mmoja. Mama auzaye mboga sokoni hupata fedha yake kwa siku, kijana wa bodaboda kadhalika, na kibarua wa shamba la mahindi hulipwa palipo na palizi au mavuno. Hakuna hata mmoja wao anayelipwa miezi sita mbele. Basi huenda kukopa kwa wale ambao wananchi wenyewe wamewabandika jina la kausha damu, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha.

Wenye nyumba wanazo hoja, nasi tumezisikia. Wapo wapangaji wanaotoroka usiku na deni. Wapo pia wajane ambao vyumba viwili vya uani ndiyo pensheni yao. Hao hatuwasemi kwa ukali. Lakini anayepokea kodi ya mwaka ili apaue nyumba ya pili, huyo amejipatia mkopo usio na riba kutoka kwa maskini, ilhali maskini huyo anailipa riba kwingine.

Husemwa kwamba hiyo ndiyo bei ya soko. Zamani ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya kodi na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mapatano yameachiwa pande mbili, kana kwamba asiye na pa kulala na mwenye vyumba kumi wana nguvu sawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu. Lakini asiye na hata kipande cha risiti ataidai vipi haki hiyo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba?

Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika LUKU. Mdaiwa ni mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Ni wangapi kati yetu tunaoipunguza fedha hiyo katika pango? Tujibu kwa dhamiri.

Mwaka 1987, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makazi, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya Kanisa na tatizo la makazi. Neno hilo si geni kwetu. Hata hivyo Jumuiya husali leo kwa mwenye nyumba na kesho kwa mpangaji wake, wakapeana amani, na keshokutwa mmoja akamtolea mwenzake vyombo nje.

Tunadai haya kwa kila muumini mwenye nyumba ya kupangisha: apokee kodi ya mwezi, au isizidi miezi mitatu, aandike mkataba na kutoa risiti, arudishe kodi ya majengo iliyolipwa na mpangaji, na akitaka chumba chake, atoe taarifa kwa muda wa kutosha mtu kupata kwingine. Viongozi wa Jumuiya wayasome haya mbele ya wote, wenye nyumba na wapangaji wakiwa pamoja. Na parokia yoyote yenye vyumba au vibanda vya kupangisha ianze yenyewe, kabla ya kumwambia muumini yeyote.